Theluji ya Kijivu, Bahari Iliyoinama: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Pwani na Kwenye Theluji

Kila ninapoonyeshwa picha za safari fupi ya pwani, au za siku theluji ilipoanguka, nakuta kasoro zilezile. Theluji imetoka kijivu kama majivu. Mchanga uliokuwa ukiumiza macho kwa weupe umefifia. Mtu aliyesimama mbele ya maji amegeuka kivuli kisicho na macho wala pua. Na bahari yenyewe imelalia upande mmoja, utadhani maji yatamwagika nje ya picha.

Pwani na theluji ziko mbalimbali kama joto na baridi, lakini kwa kamera ni mtego mmoja: kote kuwili kuna weupe mwingi kuliko kamera inavyotarajia. Ukijifunza kuutegua upande mmoja, umeutegua na wa pili. Kinachobaki tofauti ni utunzaji wa kifaa, maana huku adui ni chumvi na mchanga, kule ni baridi na umande.

Mwongozo huu unamfaa mwenye kamera ya kawaida na mwenye simu pia. Pale ambapo njia zinaachana, nitasema.

Vifaa vya kuandaa

- Kamera yenye kitufe cha +/−, au simu ambayo kamera yake inakuruhusu kuongeza na kupunguza mwangaza.
- Betri ya akiba. Kwa siku ya theluji, mbili.
- Mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, mikubwa ya kutosha kumeza kamera nzima.
- Kipuliza hewa cha mpira, kile cha kuminya kwa kiganja.
- Vitambaa viwili laini vya lenzi: kimoja kikavu, kingine cha kulowesha.
- Chupa ndogo ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.
- Kikinga jua cha lenzi. Husaidia pia kuzuia matone na chembe za theluji.
- Stendi ya miguu mitatu, kama unataka picha za maji yanayotiririka. Kama hutaki, iache nyumbani, ni mzigo.
- Filta ya kupunguza mng'ao (polaraiza), ukiwa nayo.

Huhitaji lenzi mpya. Wengi hukimbilia kununua lenzi wakati tatizo lao liko kwenye kitufe ambacho hawajawahi kukigusa.

Hatua ya 1: Maliza matayarisho kabla ya kutoka

Chaji betri zote, safisha lenzi, weka kadi tupu. Kama una lenzi zaidi ya moja, chagua moja na uifunge kwenye kamera ukiwa bado ndani.

Sababu ni hii: kubadilisha lenzi ufukweni ni kumfungulia mchanga mlango. Chembe moja ikitua kwenye kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, utaiona kama doa angani katika kila picha hadi kihisi kisafishwe. Theluji ni vivyo hivyo, ila yenyewe inayeyuka na kuwa tone la maji mahali pasipotakiwa maji.

Kama kamera yako inaweza kuhifadhi picha kwa mfumo wa RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaibana, uwashe. Faili ni kubwa, lakini lina nafasi ya kurekebisha weupe na rangi baadaye ambayo JPEG, faili la kawaida lililobanwa, haina.

Hatua ya 2: Chagua saa

Jua la utosini halimpendezi mtu wala mahali. Vivuli vinakuwa vifupi na vikali, mchanga na theluji vinakosa mikunjo. Saa nzuri ni jua likiwa chini, asubuhi au jioni, linapopita ubavuni mwa kila kituta cha mchanga na kila bonde dogo la theluji. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa sura ya kitu cheupe. Bila kivuli, cheupe juu ya cheupe ni karatasi tupu.

Pwani una saa ya pili ya kuangalia, nayo ni ya maji. Sehemu nyingi za pwani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 ukilinganisha na jana. Ukiona maji yamekupwa vizuri leo saa kumi na moja jioni, kesho saa hiyohiyo bado yatakuwa yanashuka. Safari ya siku mbili inaweza kuharibika kwa kutojua hili tu.

Wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa zaidi na hukupwa zaidi. Hapo ndipo miamba, vidimbwi na mistari ya mchanga vinapojitokeza. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na ufukwe haubadiliki sana.

Tahadhari: ukienda mbali wakati maji yamekupwa, jua njia yako ya kurudi na saa ya kuirudia. Maji yanayojaa huanza kwa kukuzunguka nyuma, kwenye mikondo ya chini ambayo uliivuka bila kuiona. Na unapopiga picha kwenye miamba, usiipe bahari mgongo.

Siku ya theluji, saa yako ni kabla ya nyayo. Toka mapema. Kabla hujaingia uwanjani, simama ukingoni, amua picha utaipigia wapi, kisha zunguka. Picha nyingi nzuri za theluji zimeharibiwa na mpigaji mwenyewe aliyekatiza katikati, halafu akageuka na kukuta nyayo zake.

Hatua ya 3: Ikatalie kamera, ongeza mwangaza

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo tuende taratibu.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinatazama theluji, mchanga au ukuta mweusi. Kimefundishwa jambo moja: kudhani kwamba mbele yake kuna kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera ikiona mwanga wote huo inasema, "huu umezidi," inapunguza, na theluji inashushwa hadi kuwa kijivu. Haijaharibika. Imetii.

Fanya hesabu ndogo. Stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili. Asilimia 18 ukiiongezea stopu moja inakuwa 36. Ukiongeza ya pili inakuwa 72. Hapo theluji imekuwa nyeupe, na bado ina nafasi ya kuonyesha chembechembe zake. Ukiongeza ya tatu umevuka 100, na theluji imeungua: weupe mtupu usio na kitu ndani.

Ndiyo maana kanuni inayokubalika ni hii:

- Theluji iliyojaa picha nzima, jua linawaka: +1⅔ hadi +2.
- Theluji nusu ya picha, nusu nyingine miti au nyumba: +1.
- Mchanga mweupe mkavu: +⅔ hadi +1.
- Mchanga uliolowa: anza na 0. Mchanga ukilowa unakuwa mweusi zaidi, hauidanganyi kamera kiasi hicho.
- Povu la wimbi karibu sana: +⅔, na uangalie lisiungue.

Jinsi ya kufanya: weka kamera kwenye A au Av (wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua kasi) au P (kamera inachagua vyote viwili). Bonyeza kitufe cha +/− huku ukizungusha gurudumu hadi kiashiria kifike unapotaka. Kwenye simu nyingi, gusa theluji au mchanga na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha buruta alama ya jua kwenda juu.

Utashangaa mkono unavyokataa. Macho yanauma kwa mwanga, na wewe unaambiwa uongeze! Karibu kila anayeanza huzungusha upande wa kutoa. Ongeza.

Sasa hakiki, lakini usihakiki kwa kioo cha kamera. Nje kwenye jua kioo chochote kinaonekana cheusi, na picha nzuri itaonekana mbovu. Fungua histogramu, ule mchoro unaofanana na mlima. Kushoto ni weusi, kulia ni weupe. Kwenye theluji na mchanga, mlima unatakiwa usimame upande wa kulia, ukikaribia ukuta bila kuugonga. Ukikaa katikati, theluji yako ni ya kijivu hata kama kioo kinakwambia vingine. Ukiwa umebanwa kwenye ukuta wa kulia, punguza theluthi moja ya stopu, piga tena.

Washa pia onyo la weupe uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizoungua zimetemete. Nukta chache kwenye mng'ao wa jua majini si neno. Uwanja mzima wa theluji ukimetameta, umepitiliza.

Ukisharudi ulikotoka, rudisha +/− kwenye 0. Hukumbuki? Utakumbuka kesho, ukikuta picha zote za chakula cha jioni zimepauka.

Hatua ya 4: Okoa uso

Mtu mbele ya mandhari meupe ni tatizo la tatu la hesabu ileile. Kamera inapima mandhari yote, inapunguza, na uso unazama gizani. Mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu uso wake uko mbali zaidi na ule weupe.

Pima usoni. Badilisha upimaji uwe wa doa, unaopima sehemu ndogo tu ya picha, elekeza doa kwenye shavu, funga kipimo, kisha panga picha upya. Kwa simu, gusa uso. Jihadhari: doa likitua kwenye ngozi nyeusi sana, kamera itafanya kosa la kinyume, itaifanya ngozi iwe kijivu kilichopauka. Hapo toa kidogo, −⅓ au −⅔, rangi ya mtu irudi kuwa yake.

Mgeuze mtu wako. Jua likiwa nyuma yake au ubavuni, hakunji macho, na mchanga au theluji iliyo mbele yake inamrudishia mwanga laini kutoka chini. Hiyo ni taa ya bure ambayo wapigapicha wa studio huilipia. Mwambie apige hatua mbili mbele au nyuma na utazame chini ya kidevu chake: mahali kivuli cha hapo kinapopungua, mpige hapohapo.

Umefaulu ukiona nuru ndogo kwenye mboni za macho na bado kuna mistari kwenye mchanga nyuma yake. Ukilazimika kuchagua, uache mchanga uungue, uso ubaki.

Hatua ya 5: Rangi ya buluu inatoka wapi

Theluji kwenye kivuli inatoka buluu kwa sababu kivuli hicho kinaangazwa na anga, si na jua, na anga ni buluu. Macho yetu yanasahihisha bila kutuambia. Kamera haisahihishi kila mara.

Ondoa mpangilio wa rangi kwenye AWB, ambapo kamera inajichagulia yenyewe, uweke kwenye alama ya wingu. Ukiwa kivulini kabisa, weka alama ya kivuli, ile ya nyumba. Picha itapata joto kidogo.

Usiifukuze buluu yote, lakini. Theluji isiyo na buluu hata kidogo kivulini inaonekana kama unga wa chokaa. Mimi huacha kiasi, hasa alfajiri.

Hatua ya 6: Nyoosha bahari

Washa mistari ya gridi kwenye kioo. Weka mstari wa upeo wa macho sambamba na mmoja wa mistari hiyo, kisha bonyeza. Kwa nini usisubiri kunyoosha kwenye kompyuta? Kwa sababu kunyoosha ni kukata pembe, na kwenye pembe ndiko mara nyingi ulikoacha mguu wa mtu au ncha ya ngalawa.

Usikate picha katikati kwa upeo wa macho bila sababu. Anga ikiwa na mawingu ya maana, ipe theluthi mbili. Anga ikiwa tupu, ipe theluthi moja au chini ya hapo, na uinamishe kamera kwenye mchanga.

Kisha tafuta kitu kimoja cha kushika macho. Bahari pekee na theluji pekee ni mandhari yasiyo na mahali pa kutua. Kamba iliyolala ufukweni, jiwe, uzio uliozama nusu, mtu mwenye nguo nyekundu mbali. Siku ya theluji yenye mawingu mazito, ambapo anga na ardhi vimeungana, kitu hicho kimoja ndicho picha yenyewe.

Ukiwa na polaraiza, itumie jua likiwa begani mwako, kushoto au kulia, kisha izungushe taratibu huku ukitazama maji: mng'ao utafifia na utaanza kuona chini. Inakula stopu 1 hadi 2 za mwanga, kwa hiyo angalia kasi ya shuta, ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga, isije ikashuka sana. Na kama umevaa miwani ya jua ya aina hiyohiyo, ivue kabla hujaanza kulaumu kamera. Kioo chaweza kuonekana cheusi ti ukikiinamisha, na tatizo liko puani mwako.

Hatua ya 7: Chagua kasi kwa kinachotembea

Kwa mandhari yaliyotulia, uwazi wa lenzi wa f/8 au f/11, na ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) ya 100, inatosha. Vinavyotembea vinataka uamuzi.

Wimbi linalopasuka kwenye mwamba: 1/1000 ya sekunde au zaidi. Matone yatasimama hewani kama shanga. Piga mfululizo, kwani kilele cha mpasuko hakikusubiri.

Maji yanayorudi baharini, yakiacha michirizi meupe: ¼ hadi sekunde 1. Hapa unahitaji stendi na mwanga mdogo, kwa hiyo fanya kabla jua halijatoka au likishazama, au weka filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Siri iko kwenye wakati wa kubonyeza: usibonyeze wimbi likija, bonyeza likianza kurudi. Likija unapata povu tupu. Likirudi unapata michirizi inayovuta macho kuelekea baharini.

Chimbia miguu ya stendi mchangani kwa kuisukuma hadi ikatae. Wimbi hufukua mchanga chini ya miguu, na stendi huzama polepole wakati shuta imefunguka. Picha ikitoka na ukungu ingawa hakukuwa na upepo, sababu mara nyingi ni hiyo. Mkanda wa kamera uwe mkononi mwako muda wote.

Theluji inayoanguka: 1/250 na kuendelea, chembe zinasimama kama nukta. 1/60 au 1/30, zinakuwa mistari. Zote nzuri, ila tafuta kitu cheusi nyuma, miti au ukuta, la sivyo chembe nyeupe zitapotea kwenye anga nyeupe. Zima flashi. Ukiiacha, itaangaza chembe zilizo karibu na lenzi na kuzigeuza miduara mikubwa myeupe iliyozagaa mbele ya kila kitu. Na kama lenzi inahangaika kufokasi chembe badala ya mtu, fokasi mara moja kwenye mtu, kisha uifunge.

Hatua ya 8: Baridi na umande

Betri za kamera na simu hudhoofika kwenye baridi, kwa sababu mwenendo wa kemikali ndani yake unapungua kasi. Betri iliyoonyesha nusu inaweza kuzimika ghafla. Usiitupe wala usiilaani: itie mfuko wa ndani, karibu na mwili, uweke ya akiba. Ikipata joto, mara nyingi itakupa picha nyingine kadhaa. Zizungushe hivyo siku nzima.

Kamera yenyewe usiifiche ndani ya koti kila baada ya picha. Humo kuna jasho na unyevu, na utaitoa ikiwa imefifia kioo. Iache nje iwe baridi. Usipumulie kitundu cha kuchungulia wala lenzi; pumzi inaweza kuganda papo hapo.

Hatari kubwa ni mlangoni, unaporudi ndani. Kamera baridi ikiingia kwenye hewa ya joto, unyevu hujikusanya juu yake kama kwenye gilasi ya maji ya barafu. Hujikusanya hata ndani, kati ya vioo vya lenzi, usikoweza kufuta. Fanya hivi ukiwa bado nje:

1. Toa kadi ya kumbukumbu, uitie mfukoni.
2. Ingiza kamera kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa, funga.
3. Ingia ndani, weka mfuko mbali na hita. Subiri saa moja hadi mbili.
4. Umande utajikusanya nje ya plastiki. Ukikauka, fungua.

Kutoa kadi kwanza ndiko kunakokufanya uwe mvumilivu, maana picha utaziangalia wakati kamera inapashika moto. Bila hivyo utaufungua mfuko baada ya dakika kumi. Najua.

Pwani yenye joto mambo yanageuka. Kamera iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi ikitoka nje, lenzi inafunga ukungu papo hapo, na jua linachomoza bila wewe. Ifungie kwenye mfuko na uutoe nje nusu saa kabla ya wakati wako.

Hatua ya 9: Chumvi na mchanga

Lenzi yangu moja ina mstari mwembamba unaoonekana kila ninapopiga kuelekea jua. Niliuchora mwenyewe, kwa ncha ya fulana, siku ya upepo ufukweni. Tone lilikuwa limekauka na kuacha chumvi, nami nikafuta.

Utaratibu ni huu, na haupindishwi: puliza kwanza, futa mwisho. Igeuze kamera lenzi ikitazama chini, minya kipuliza mara kadhaa ili mchanga uanguke. Usipulize kwa mdomo, mate yatafuata. Kisha lowesha kitambaa kwa maji baridi, kikamue hadi kisidondoke, fanya mwili mzima wa kamera, vitufe na pete ya lenzi. Maji huyeyusha chumvi. Kitambaa kikavu huiburuta. Malizia na kikavu. Kioo cha mbele kifute mwisho kabisa, kwa mzunguko, kuanzia katikati.

Ukisikia pete ya lenzi inakwaruza kama inatafuna kitu, acha kuizungusha. Mchanga umeingia, na kila mzunguko unausukuma ndani. Puliza, na kama bado, mpelekee fundi.

Simu inayosemwa inastahimili maji kwa kawaida imejaribiwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Ikiguswa na bahari, isuuze kwa maji baridi, ikaushe, na usiichaji mpaka tundu la chaji liwe kavu kabisa.

Stendi isuuze miguu yote ikiwa imevutwa hadi mwisho, uiache hivyo ikauke. Mkoba utikise juu chini, upanguse ndani, kisha uuache wazi usiku kucha.